Hodi Si Jina la Mtu

Sista alikuwa anapiga hodi hata kwenye mlango ulio wazi. Kidirisha changu cha kuandikisha wagonjwa pale kliniki ya Makongeni kilikuwa tundu tu ukutani lenye ubao wa kuegemea, na mlango wa pembeni ulikuwa umeng'oka bawaba tangu kabla sijaajiriwa. Wauguzi wengine waliingia kama wanaingia jikoni kwao, wakachukua walichotaka, wakaniachia makaratasi yamechanganyika. Yeye alisimama nje ya kizingiti, chupa ya chai kwapani, akasema, "Hodi." Nikimjibu, "Ingia tu, Sista, si unaona mlango uko wazi," hakuingia. Alinitazama juu ya miwani na kusema, "Hilo si jibu, karani." Mpaka niseme karibu ndipo aingize mguu. Ilikuwa hivyo kila asubuhi ya kazi kwa miaka sita. Nilidhani ni vituko vya mtu mzima, na siku nilizoamka vibaya vilinikera kabisa. Sasa hayupo, wala hakuna anayenipigia hodi kazini, na usumbufu ule nimeukosa kuliko ninavyoweza kueleza.

Sikuwahi kujua alizaliwa wapi wala watu wake walikuwa akina nani, na sitajifanya najua. Ninachojua ni viatu vyake vyeupe vya turubai, alivyovifua kila Jumatano na kuvianika juu ya ua wa kliniki, akazunguka siku nzima kwa kandambili za kuogea huku akiwagombeza wengine kwa kuvaa ovyo. Ninajua alikuwa mfupi, mpana, mwenye sauti ya kufukuza kuku. Ukimwona mara ya kwanza ungesema huyu ni wa kuepukwa. Aligombana na wauza dawa waliokuja na mikoba yao, na mpishi wa chai kwa sababu ya tangawizi, na mama yeyote aliyemleta mtoto akiwa amechelewa. "Ulikuwa unangoja homa iote meno?" alimuuliza mmoja, kisha akambeba mtoto mwenyewe mpaka maabara, akimwimbia.

Angekuvulia sweta yake akakupa uende nayo, lakini ukigusa kikombe chake hiyo ni vita. Alikuwa amewachoma sindano nusu ya watu wa Makongeni, na yeye mwenyewe aliogopa sindano kama mtoto. Siku alipokatwa na bati la mlango wa choo, mwanafunzi wa uuguzi alipewa kazi ya kumchoma ya pepopunda. Akasema hodi kama alivyofundishwa. Sista akasema, "Ngoja." Akasema tena hodi. "Ngoja." Mara ya tatu tukawa tumejaa mlangoni tunacheka, naye amefumba macho, jasho linamtoka. Yule msichana akangoja mpaka akaambiwa karibu. Baadaye Sista alimsifu mbele yetu sote. Alisema wengi wangedhani kwa sababu anajua kazi basi haogopi, na wangemdunga tu.

Kuhusu hilo neno hodi lazima nieleze kosa langu, maana ndilo lililonifundisha.

Ilikuwa wiki yangu ya pili kazini. Pale kwetu mgonjwa alikuja na daftari lake la mazoezi, kama la mtoto wa shule, lililouzwa kwenye kioski nje ya lango, na ndani yake ndimo walimoandika magonjwa yake na dawa zake. Jina lilikuwa kwenye jalada. Kazi yangu ilikuwa kuyapanga madaftari kwa zamu na kuita. Asubuhi hiyo nikakuta moja limeandikwa juu kabisa, kwa wino wa kijani, HODI, na chini yake Wangari. Mimi nikaona ni jina. Watu wetu wana majina ya ubatizo ya kila aina, nikafikiri labda ni Jody limeandikwa na mtu mwenye haraka. Nikatoa kichwa dirishani nikaita kwa nguvu zangu zote, "Hodi Wangari! Hodi Wangari yuko?"

Benchi zima likacheka. Mzee mmoja akajibu, "Karibu," wakacheka tena. Mwanamke aliyekaa mwisho, karibu na tangi la maji, hakucheka. Aliinuka, akachukua mkoba wake, akaenda langoni na kuliacha daftari lake mikononi mwangu. Sista akatoka chumbani akiwa na glavu, akaona nilichoshika, akaona ile nafasi kwenye benchi. Akamkimbilia. Alikuwa na magoti mabaya hata wakati huo, na nilimwona akikimbia hivyo hivyo, kandambili zikipiga lami, mpaka kwenye kinu cha unga. Alirudi peke yake.

Nilijua kazi imekwisha. Lakini hakunigombeza. Saa kumi, wagonjwa walipomalizika, akaja na chupa yake. "Hodi." Nikamjibu karibu. Akakaa juu ya sanduku la mafaili akanimiminia chai kwenye kifuniko.

"Hodi si jina la mtu," alisema. "Ni maagizo."

"Maagizo ya nini, Sista?"

"Sitakuambia habari za huyo mama, hizo ni zake. Nitakuambia maana ya neno. Ukiliona juu ya daftari, usimguse mtu huyo kabla hujaomba, na kuomba mara moja haitoshi. Usifunge mlango bila kumuuliza. Usisimame nyuma yake. Akisema ngoja, unangoja. Basi."

"Si ungeandika hivyo ndani, waelewe?"

"Daftari linalala wapi?" aliniuliza. "Linalala kwake. Bwana anasoma, mama mkwe anasoma, watoto wanafanyia hesabu kwa kurasa za nyuma. Mtu amekaa na jambo lake miaka ishirini, ananiambia leo kwa sababu nimemwambia apande kitandani na mwili umekataa. Halafu mimi niandike, aende nalo nyumbani? Hodi ukiisoma utafikiri ni salamu. Na kila mmoja wao nimemuuliza kama niandike. Kuna wengine wamekataa."

Sikuuliza ni jambo gani hilo la miaka ishirini. Nilikuwa nimeshajua, nikajifanya nahesabu kalamu.

Wangari alirudi baada ya miezi mingi, siku ya mvua. Daftari lake bado nilikuwa nalo, nimelihifadhi kwenye droo yangu. Sikumwita. Nilitoka, nikaenda mpaka kwenye benchi, nikamwinamia kidogo na kusema, "Sista anakungoja." Kuanzia hapo kila aliyekuwa na hodi juu ya daftari nilimfuata alipokaa. Wagonjwa wengine walilalamika kwamba karani ana watu wake.

Neno lenyewe, alituambia, alilipata kwa kuudhika. Wakati huo alikuwa akipima saratani ya mlango wa kizazi, na siku moja alimsikia mwenzake nyuma ya pazia akimwambia mgonjwa, "Fungua, fungua, unanichelewesha." Sista akajiuliza kwa sauti, watu wote wasikie, "Na nyinyi wenyewe mnauita mlango. Ni nani nyumbani kwenu anaingia mlangoni bila hodi, isipokuwa mwizi?" Mwenzake hakuzungumza naye kwa wiki mbili. Yeye akaendelea na hodi yake. Kabla ya mkono, hodi. Kabla ya kile chuma cha kupimia, hodi. Na kama mgonjwa hakujibu, aliyafunika magoti yake kwa shuka, akavuta kiti, akaanza kuongea habari za bei ya viazi.

Kila Ijumaa alasiri aliwakusanya wanafunzi wa uuguzi kwenye chumba cha chai, na mimi nikawa napika hiyo chai, kwa hiyo nilisoma masomo yote bila karo. Jambo la kwanza alilowakataza lilikuwa neno pole. Walishangaa. Sisi tunasema pole kwa kila kitu, hata kwa mtu aliyejikwaa. "Mtaisema baadaye," alisema. "Mkianza nayo, mgonjwa anasema asante, na mambo yameishia hapo. Pole ni ya kumsindikiza mtu. Huyu ndiyo kwanza anafika."

"Sasa tuseme nini?" mmoja akauliza.

"Kwanza, weka chini ulichoshika. Kalamu, glavu, simu, chochote. Halafu sema, nimekusikia. Sema umefanya vizuri kuniambia. Mwambie lile halikuwa kosa lake, maana kuna mtu alimwambia ni lake. Halafu muulize leo anataka nini. Pengine anataka tu dawa ya tumbo aende nyumbani. Mpe dawa ya tumbo."

Alipenda sana hilo neno kusikia. Alisema sisi wenyeji wa huku tuna bahati, kwa sababu tunasikia baridi, tunasikia njaa, tunasikia uchungu, na sauti ya mtu pia tunaisikia. "Kwa hivyo usiseme nimekusikia kama masikio tu ndiyo yamefanya kazi," alisema. Nikafikiri ni maneno mazuri, nikaenda kuosha vikombe.

Alikuwa mkali zaidi kwa wale waliouliza kwa nini. Kwa nini hukusema mapema, kwa nini hukupiga kelele, mama yako alikuwa wapi. Ijumaa moja alisimulia habari ya mwendesha bodaboda, mtu mzima mwenye ndevu, aliyekuja mara nne kwa maumivu ya mgongo yasiyoonekana kwenye picha, na mara ya nne akaongea. Hakutaja jina wala mtaa. Mwanafunzi mmoja akacheka kidogo kwa aibu, akasema, "Lakini Sista, si hizo ni mambo za madem?"

Sista aliweka kikombe chini. "Toka nje," alisema, kwa sauti ndogo ambayo hatukuwa tumeizoea. "Zunguka kliniki mara tatu. Ukirudi uniambie jinsi utakavyomtazama ndugu yako akikuambia." Kijana akatoka, akazunguka kweli, tukamwona akipita dirishani. Aliporudi alikuwa analia, wala hakuulizwa kwa nini. Sista alimmiminia chai kwenye kile kikombe chake kisichoguswa.

Nilikuwa nadhani alizaliwa akijua haya yote. Haikuwa hivyo, na yeye mwenyewe hakutaka tudhani hivyo. Alipokuwa muuguzi mpya, mwanamke mmoja aliyekuja kujifungua alimwambia kilichompata utotoni, katikati ya uchungu, akiwa amemshika mkono. Sista alimwambia amsamehe aliyemtenda hayo, amwachie Mungu, afikirie mtoto anayekuja. "Niliona nimesema vizuri sana," alituambia. "Nilisema kama mhubiri. Mkono wake ukaniachilia. Alizaa akiwa kimya mpaka mwisho, na hakurudi hata kwa chanjo." Kuanzia hapo, kila akienda sokoni aliangalia nyuso. Niliwahi kufuatana naye Jumamosi kununua njugu, nikaona anavyochelewesha hatua, anamtazama mama huyu, anamtazama yule. Nilimuuliza anatafuta nini. "Mtu ninayemdai sikio," alisema, kisha akajirekebisha. "Anayenidai mimi."

Kliniki ile kuta zake za ndani zilikuwa mbao nyembamba. Mtu akipiga chafya chumba cha sindano, wa famasia alisema afya. Kwa hiyo tulikuwa na mpango, mimi na yeye. Sauti yake ilitoka ghafla nyuma ya mbao, "Karani, weka redio," nami nikawasha redio yangu ndogo na kuizungusha mpaka juu. Zilikuwa nyimbo za Kikuyu, au matangazo ya mbolea, au mhubiri. Watu kwenye benchi waliniona mtu wa makelele. Nilikaa pale mkono juu ya redio, nikijua kwamba dakika hiyo kuna mtu anasema jambo ambalo hajawahi kulisema. Nilikuwa nawaonea wivu. Huo ndio ukweli, na nimechukua muda mrefu kuukubali. Nilikuwa namwekea redio kila mtu, na mimi nilikuwa na langu.

Kulikuwa na mpangaji kwetu Kiganjo, kwenye chumba cha uani, mimi nikiwa darasa la tatu. Nimesema hapo, inatosha kwa karatasi.

Ijumaa moja wanafunzi walikuwa wachache, na Sista alitaka wajizoeze. "Karani, njoo uwe mgonjwa wetu," alisema. "Hakuna cha kuvua, panda tu ulale, nao wapige hodi." Nilikifikia kitanda cha kupimia chumbani kwake. Nilikuwa nimekipangusa mara nyingi, nimekitandika shuka, nimekilaumu kwa kulegea mguu mmoja. Nikaweka kiganja juu yake na miguu ikakataa. Nikacheka, nikasema kuna mafaili ya mwisho wa mwezi, nikatoka nje na kusimama nyuma ya tangi la maji. Nilimsikia akisema, "Sawa, njoo wewe," kwa mwingine. Hakunifuata. Hakuniuliza siku hiyo wala ya pili yake. Jumatatu alikuja kidirishani kama kawaida, chupa kwapani, akasema hodi, nami nikasema karibu haraka haraka ili apite.

Nilimkasirikia kwa kutoniuliza. Mwanamke aliyeweza kumkimbilia mgonjwa mpaka kinu cha unga kwa magoti yale, na mimi niko hatua tano kutoka mlangoni kwake, haulizi. Niliibeba hasira hiyo mpaka akastaafu.

Siku ya kumuaga alipewa blanketi na sufuria. Alisema maneno mawili akaketi. Akahamia Kahawa Sukari, nyumbani kwa binti yake, na mimi nikaendelea kuuangalia mlango ule usio na bawaba. Wiki ya kwanza nilimimina chai mbili. Baadaye kliniki ikaletewa kompyuta, na madaftari yakaisha. Mambo yote sasa yalikuwa na kisanduku chake cha kujaza: umri, simu, mzio, jina la ndugu wa karibu. Nilitafuta pa kuandika hodi nikakosa. Nikawa naiandika kwenye sehemu ya maelezo mengine, na mfumo unaifuta kwa sababu haujui ni ugonjwa gani.

Halafu mimi mwenyewe nikaanza kutokwa damu isiyo ya siku zangu. Niliambiwa nipimwe huo huo mlango wa kizazi, kwenye hospitali moja ya mjini. Nikapewa siku, sikwenda. Nikapewa nyingine, nikafika mpaka kwenye benchi, nikainuka na kuondoka. Ya tatu sikujisumbua hata kuvaa. Damu haikukoma. Nilikuwa nafuata nyayo za Wangari hatua kwa hatua, na hakukuwa na wa kunikimbilia.

Ndipo nikanunua daftari. Nililipata upesi, lakini kalamu ya wino wa kijani niliitafuta maduka matano Thika mjini, wauzaji wananiambia bluu na nyeusi ndizo zinaenda. Nilipoipata niliandika nyumbani, kwenye meza ya kulia, kwa herufi kubwa: HODI. Chini yake nikaandika Nyambura, ambalo ndilo jina langu. Nikapanda gari la Ruiru, nikashuka, nikapanda jingine.

Sista alikuwa kwenye veranda na ungo wa njahi, yale maharagwe meusi, mapajani, akichambua. Vidole vilikuwa vimevimba kwenye vifundo, na kila njahi aliishika mara mbili kabla ya kuitupa. Geti lilikuwa wazi. Nikasimama nje yake.

"Hodi."

"Ngoja," alisema bila kuinua kichwa. Nikangoja. Akaweka miwani sawasawa, akanitazama kutoka viatu mpaka nywele. "Haiya. Karani. Karibu."

Tulikunywa chai ya tangawizi. Aliniuliza habari za kila mtu, akaitukana kompyuta kwa muda mrefu. Binti yake alikuwa amepangisha vyumba vya nyuma kwa wanafunzi wa chuo, na kutoka huko redio ilikuwa inacheka na kuimba. "Hawa watoto wataniua na kelele," alisema. "Kila siku nawaambia wapunguze."

Nikatoa daftari kwenye mkoba, nikampa. Alisoma jalada. Hakulifungua. Alisoma tena, polepole, kama barua. Kisha akauinua ungo wa njahi kutoka mapajani akauweka sakafuni, akaweka kikombe kando yake, akakunja mikono ile iliyovimba akaiacha mitupu. Nikakumbuka Ijumaa zile zote, na nikajua ni mimi sasa anayewekewa vitu chini.

"Hodi," alisema.

"Ngoja kidogo, Sista."

Akangoja. Msichana mmoja wa chuo alikuwa akichota maji kwenye mfereji. Sista akamwita, "Wewe, mami! Ongeza hiyo redio."

"Tupunguze, shosho?"

"Nimesema uongeze. Mpaka mwisho."

Msichana akaenda akigeuka geuka nyuma, na muziki ukajaa uani. Ndipo nikasema karibu. Nikamwambia habari za chumba cha uani na darasa la tatu, na mama aliyekuwa akirudi kutoka kiwandani jioni akiniuliza kwa nini sijala. Nikamwambia habari za damu na siku tatu nilizokimbia. Niliongea nikitazama njahi. Hakunikatiza, na nilipokwama hakunisukuma. Nilipomaliza nililia kwa sauti, na redio ikanifunika.

"Nimekusikia," alisema. "Umefanya vizuri kuniambia. Halikuwa kosa lako, hata kidogo."

Nilikuwa nimeyasikia maneno hayo mara mia kwenye chumba cha chai. Nilidhani nimeyazoea.

Baadaye, macho yakiwa yamekauka kidogo, hasira yangu ya zamani ikaja juu. "Ulijua," nikamwambia.

"Nilikuona ulivyokishika kile kitanda. Kuona na kuambiwa ni mambo mawili."

"Si ungeniuliza, Sista. Miaka yote hiyo."

"Nilikuwa nakuuliza kila asubuhi," alisema.

Nilimwona tena pale kwenye mlango usio na bawaba, chupa kwapani, amekataa kuingia. Yeye akachukua kikombe chake, akanimiminia chai ndani yake.

Nilipotaka kuondoka nilimwomba anipime yeye. Nilisema hata kama ni kusimama tu kando yangu. Akaniinulia mikono nione. "Hii haifungui hata chupa ya maji. Na kusimama, magoti ndiyo hayo. Nenda kwa mtu anayejua kusoma."

"Na kama hajui?"

"Msomee."

Nilimwambia nitakuja kumweleza ilivyokuwa. Alinisindikiza mpaka getini, akanirudishia daftari, akasema pole kwa mara ya kwanza siku hiyo, na tukaagana. Nikaomba siku ya nne hospitalini, naye akafariki kabla haijafika. Kwenye mazishi niliwaona akina mama niliowafuata kwenye benchi miaka hiyo yote, na mwanamume mmoja mwenye ndevu akiwa na kofia ya pikipiki mkononi. Hatukusalimiana. Wangari alisogea kidogo kwenye kiti cha plastiki, nikakaa naye.

Siku yenyewe nilifika hospitalini mapema, nikaliacha daftari mapokezi. Nilikuwa nimekaa mwisho wa benchi, karibu na mlango wa kutokea, mkoba mapajani. Nilimtaka Sista pale kwa mwili wangu wote. Nilimtaka aje na kandambili zake awagombeze watu. Mlango ukafunguliwa, daktari mmoja kijana, msichana mwenye miwani, akatoa kichwa na daftari langu mkononi.

"Hodi Nyambura!" akaita. "Hodi Nyambura yuko?"

Watu wakacheka. Mtu nyuma yangu akasema, "Karibu," wakacheka zaidi. Miguu yangu ilijua njia ya kwenda nje. Nikainuka, nikaenda chumbani.

"Hodi ndilo jina la ubatizo?" aliniuliza, akivuta pazia.

"Si jina, daktari," nikasema. "Ni maagizo. Naomba uache hilo pazia kwanza, nikuelezee."

Nikamweleza. Sikumweleza yote, ila maana ya neno, na kwa nini liko kwangu. Uso ulimshuka alipokumbuka alivyoita. Alitaka kusema pole, nikaona midomo yake inaanza, halafu akaacha. Akaweka kalamu chini. Akavua glavu aliyokuwa ameshaivaa mkono mmoja, akavuta kiti, akakaa mahali ninapomwona.

"Sijawahi kufanya hivi," alisema. "Nikikosea utaniambia. Basi, hodi."

"Ngoja," nikasema.

Akangoja.